Ushauri nasaha kwa simu: namna ya kujijengea stadi za kuhimili msongo wa kila siku

Kikao kimoja cha ushauri nasaha mtandaoni huchukua dakika 50 hivi, na wiki ina saa 168. Anayetarajia dakika hizo zimtue mzigo wote hukata tamaa mapema na kusema mambo haya hayamfai. Tiba tunayoieleza hapa ni ile inayofundisha stadi: kutuliza mwili moyo unapoenda mbio, kulikagua wazo kabla ya kuliamini, kulichambua tatizo la kweli kama deni au ugomvi wa nyumbani, na kurudia shughuli ulizoziacha. Stadi hizo hufundishwa kwenye simu, lakini hukomaa jikoni, kwenye daladala, kazini na kitandani saa tisa za usiku. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu ni juu ya yale unayoyafanya baada ya simu kukatwa.

Jiridhishe kwanza kwamba simu inatosha

Tiba ya mtandaoni inafaa kwa wasiwasi, msongo wa kazi au wa ndoa, kukosa usingizi, hasira za haraka, na sonona (huzuni nzito inayodumu) isiyo kali. Haitoshi peke yake kwa mtu anayesikia sauti wasizozisikia wengine, kwa aliyekaa siku kadhaa bila kulala na bado ana nguvu zisizo za kawaida, wala kwa mama aliyejifungua karibuni anayejiwa na mawazo ya kumdhuru mtoto. Mnywaji wa kila siku naye asiache pombe ghafla akiwa peke yake nyumbani, kwa sababu kuacha ghafla baada ya kunywa sana kwa muda mrefu kunaweza kuleta degedege. Hao waanzie hospitalini: Mirembe iko Dodoma, Mathari Nairobi, Butabika Kampala, Kidongo Chekundu Unguja, na aliye mbali na hizo aende hospitali ya wilaya au ya rufaa iliyo karibu.

Mwenye mawazo ya kujiua asisubiri miadi, hasa kama ameshafikiria namna au siku. Amwambie mtu aliye karibu naye, na apige simu. Kenya kuna Befrienders, 0722 178 177, na Msalaba Mwekundu, 1199. Mtoto anaweza kupiga 116 akiwa Kenya au Tanzania. Marekani namba ni 988, na Uingereza Samaritans wanapatikana kwa 116 123.

Jambo moja husahaulika mno. Moyo kwenda mbio, kutetemeka, kukonda na kuchoka bila sababu vinaweza kuletwa na hitilafu ya tezi ya thairoidi, iliyo shingoni, au upungufu wa damu. Ukiwa na dalili hizo, fanya vipimo vya damu kabla ya kulipia vikao kumi vya kuzungumzia wasiwasi.

Kumtafuta mshauri na kumhoji

Njia inayofundisha stadi kwa mpangilio ulio wazi kuliko nyingi ni tiba ya fikra na tabia, ambayo Aaron Beck alianza kuijenga huko Philadelphia miaka ya 1960. Ipo pia iliyotengenezwa kwa ajili ya mazingira yenye wataalamu wachache: mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilitoa mpango uitwao PM+, wenye vikao vitano vya dakika 90, unaoendeshwa na watu wa kawaida waliopewa mafunzo na wanaosimamiwa na mtaalamu. Ulijaribiwa Nairobi kwa wanawake, wengi wao waliopitia ukatili, na ulisaidia kupunguza dhiki yao. Anayeutaka msaada huu hahitaji profesa. Anahitaji mtu aliyefunzwa vizuri na ambaye kazi yake inaangaliwa na mwingine.

Kenya ina Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014, na washauri wengi ni wanachama wa KCPA, chama chao cha kitaaluma. Tanzania kuna chama cha wanasaikolojia, TAPA, na hospitali kubwa zina idara za afya ya akili zinazoweza kukuelekeza kwa mtu wa kuaminika. Kuomba kuona cheti au namba ya uanachama si utovu wa adabu. Marekani leseni hutolewa na jimbo, hivyo mshauri wa Minnesota kwa kawaida hawezi kukuhudumia ukiwa Ohio mpaka awe na kibali cha huko, hata kama mnazungumza Kiswahili kimoja.

Usilipe kabla ya kutuma ujumbe wa namna hii:

*Habari za leo. Natafuta mtu wa kunifundisha kukabiliana na wasiwasi unaoninyima usingizi. Hali hii ina miezi minne sasa. Naomba kujua: umesomea nini, na nani anasimamia kazi yako? Unatumia njia gani, na huwa unatoa mazoezi ya kufanya nyumbani? Kikao ni dakika ngapi, ada ni kiasi gani, na nikilazimika kuahirisha inakuwaje? Maelezo yangu unayahifadhi wapi?*

Jibu zuri hutaja njia na kuieleza kwa sentensi mbili unazozielewa. Mkimbie anayeahidi kwamba utapona baada ya vikao viwili, anayetaka ada ya vikao kumi kwa mkupuo, au anayeanza kukutumia salamu za usiku zisizohusu kazi. Washauri wengi wetu ni watu wa dini, wengine wachungaji au masheikh. Si tatizo. Muulize tu mapema kama vikao vitakuwa vya mafundisho ya dini au vya stadi, ili usije ukagundua katikati ya safari.

Ukitumia kampuni kubwa ya nje, soma inavyotunza siri. Mwaka 2023 Tume ya Biashara ya Marekani iliitaka kampuni ya BetterHelp ilipe dola milioni 7.8 kwa sababu ya kupeleka taarifa za wateja kwa kampuni kama Facebook na Snapchat kwa ajili ya matangazo. Jiandikishe kwa baruapepe ya pembeni badala ya akaunti ya Facebook, na zima ruhusa za programu kuona anwani za simu yako na mahali ulipo. Kwa malipo ya M-Pesa, muulize mshauri ni jina gani litatokea kwenye ujumbe. Mtu anayeshika simu yako atausoma.

Programu za kuchati na roboti zinaweza kukukumbusha zoezi la pumzi. Zisichukue nafasi ya mtu, na usizitegemee siku unapofikiria kujidhuru.

Saa, mahali na bando

Vikao vingi vya kwanza hupotea kwa sababu ya saa. Mifumo ya miadi huandika 20:00, nasi tunasema saa mbili usiku. Mwingine anaandika "saa 8" akimaanisha saa nane mchana, na mwenzake anasubiri saa nane ya kizungu. Andikeni zote mbili kila mara: Jumatano, saa mbili usiku, 20:00, saa za Afrika Mashariki. Aliye Oman yuko saa moja mbele ya Dar es Salaam. Riyadh na Doha ni sawa na sisi. Bukavu, Kigali na Bujumbura ziko saa moja nyuma. Uingereza na sehemu kubwa ya Marekani hubadilisha saa mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo hakikisha upya mwezi Machi na tena Oktoba au Novemba.

Kwa bando, kikao cha dakika 50 chenye picha hula takribani MB 300 hadi 900, kutegemea ubora wa picha. Kwa sauti peke yake ni MB 25 hadi 50. Watu hung'ang'ania picha wakidhani sauti ni tiba pungufu, kisha wanatumia nusu ya kikao kuulizana "unanisikia?" Kama mtandao wa kwako unayumba, anzeni kwa picha dakika tano, mjuane sura, kisha zimeni kamera. Wapo wanaofunguka zaidi wasipotazamwa. Mkubaliane pia kwamba mtandao ukikatika, mshauri ndiye atakayepiga simu ya kawaida ndani ya dakika tano. Msipopanga hivyo, kila mmoja anampigia mwenzake na laini zote zinaonekana zinatumika.

Falme za Kiarabu na Oman zimekuwa zikizuia simu za WhatsApp. Aliyeko huko amwombe mshauri watumie jukwaa linaloruhusiwa na lenye kupatikana, au wafanye kwa kuandikiana.

Ugumu zaidi uko kwenye mahali pa kukaa. Nyumba ya vyumba viwili yenye watu saba haina faragha, lakini gari lililoegeshwa kivulini, darasa tupu jioni, ofisi wenzako wakishaondoka, au kona ya shamba panafaa kabisa. Ukibaki nyumbani, vaa hedifoni, washa redio nje ya mlango na kaa mbali na dirisha. Chagueni neno la siri. Ukisema, "Basi, nitakuletea zile hesabu kesho," mshauri anajua mtu ameingia, na anageuza mazungumzo au mnahamia kwenye kuandika. Anayeishi na mtu anayempiga asifanyie kikao nyumbani hata kidogo, wala asiache ujumbe wa mshauri kwenye simu. Kenya namba ya kuripoti ukatili wa kijinsia ni 1195.

Kikao cha kwanza: pata lengo linalohesabika

"Nataka amani ya moyo" ni haja ya kweli, ila haifanyiwi mazoezi. Igeuze: nilale kabla ya saa sita usiku, siku nne kati ya saba. Nikae kwenye mkutano wa kazini hadi mwisho. Nisimpigie mtoto kelele asubuhi ya shule. Lengo moja, au mawili.

Mshauri makini atakupa pia kipimo. PHQ-9, kipimo cha sonona, ni maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, na jumla yake ni kati ya 0 na 27. Kuanzia 5 ni dalili ndogo, 10 za kati, 15 nzito kiasi, na 20 nzito. GAD-7 ya wasiwasi ina maswali saba, 0 hadi 21. Vifanyeni tena kila baada ya wiki mbili hadi nne. Swali la tisa la PHQ-9 linauliza juu ya mawazo ya kufa au kujidhuru, na watu wengi huandika sifuri kwa aibu. Lijibu kwa ukweli. Mshauri hawezi kukulinda na jambo asilolijua.

Stadi ya mwili: pumzi

Kaa, legeza mabega, weka mkono juu ya kitovu. Vuta hewa puani kwa kuhesabu moja hadi nne, mkono uinuke. Itoe taratibu kwa kuhesabu moja hadi sita. Hiyo ni pumzi ya sekunde 10, yaani sita kwa dakika. Fanya dakika tano, asubuhi na jioni.

Pumzi ndefu ya kutoa hupunguza mapigo ya moyo kupitia neva inayoshuka kutoka kwenye ubongo hadi kifuani na tumboni. Inashindikana kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kuvuta hewa nyingi mno: ukipumua kwa kina na kwa haraka unatoa kabonidayoksaidi kupita kiasi, kisha kichwa kinakuwa chepesi na vidole vinawasha, nawe unazidi kuogopa. Pumua kidogo, polepole. Ya pili ni kuijaribu kwa mara ya kwanza siku ya hofu kubwa, kama mtu anayejifunza kuogelea mashua ikiwa inazama. Ifanye wiki mbili ukiwa mtulivu kabla ya kuidai kazi.

Stadi ya fikra: daftari

Hapa ndipo penye faida kubwa, na ndipo wengi wanapochoka. Nunua daftari dogo la mistari. La karatasi ni bora kuliko programu ya simu, kwa kuwa ukifungua simu uandike wazo unakutana na ujumbe kumi. Kama nyumbani hakuna siri, andika kwa vifupisho.

Kila mara moyo unapobadilika ghafla, andika mambo sita. Mfano:

Tukio: Saa tatu usiku bosi ametuma ujumbe, "Kesho asubuhi uje ofisini kwangu."
Hisia: Hofu, 85 kati ya 100. Tumbo limekaza.
Wazo: Ananifukuza kazi.
Yanayoliunga mkono: Mwezi uliopita walipunguza watu wawili. Ripoti yangu ilichelewa siku moja.
Yanayolipinga: Ameniita hivi mara nyingi, na zote zilikuwa za ratiba. Wale wawili walipewa barua, hawakuitwa kwa WhatsApp. Wiki iliyopita amenipa mteja mpya.
Wazo lililopimwa: Sijui ananiitia nini. Huenda ni ripoti au ratiba. Kama ni ripoti, nitakwenda na tarehe niliyoimaliza. Hofu sasa: 50.

Angalia kwamba hofu haikufika sifuri. Kutoka 85 hadi 50 kunatosha kumfanya mtu alale, na anayesubiri sifuri huona zoezi limeshindwa. Yapo makosa matatu yanayojirudia. Watu huandika hisia mahali pa wazo: "nimeogopa" si wazo, kwani halina ushahidi wa kupimwa. Huandika swali: "Itakuwaje nikifukuzwa?" haiwezi kukaguliwa, kwa hiyo igeuze iwe tamko, "nitafukuzwa na nitashindwa kulipa kodi," ndipo uipime. Tena hujiandikia maneno ya kujifariji, "kila kitu kitakuwa sawa," ambayo hata mwandikaji hayaamini. Wazo lililopimwa lazima likubalike kwako saa tisa za usiku ukiwa peke yako.

Mazoezi matatu ya namna hii kwa wiki yanatosha. Yapige picha uyatume kwa mshauri siku moja kabla ya kikao. Hapo dakika 50 zinakwenda kwenye kazi yenyewe, si kusimuliana wiki ilivyokuwa. Kikao chote kikiishia kwenye masimulizi mara tatu mfululizo, mwambie waziwazi: "Naomba leo tuanze na zoezi."

Kwa mawazo yanayozunguka bila kikomo, tenga muda wa kuwaza: dakika 15 hadi 20 kila siku, mahali pale pale, kwa mfano saa kumi na moja jioni. Wazo likija saa nne asubuhi, liandike neno moja na uliahirishe hadi saa hiyo. Muda huo usiusogeze karibu na kulala. Na usiku ukikaa macho kitandani kwa takribani dakika 20, amka, kaa penye mwanga hafifu bila simu, urudi usingizi ukija. Ukiendelea kulala pale ukiwaza, mwili unazoea kwamba kitanda ni mahali pa kuwazia.

Shida halisi haziondoki kwa pumzi

Anayedaiwa na programu tatu za mikopo hana kosa la fikra, ana madeni. Mshauri anayemwambia apumue tu anamwonea. PM+ inagawa shida katika mafungu matatu: zinazotatulika, zisizotatulika, na zisizo na uzito. Andika zote, zigawe, kisha chukua moja inayotatulika, ianze ile nyepesi.

Itaje kwa usahihi: si "hela hazitoshi" bali "nadaiwa na watu watatu, na mmoja anawapigia ndugu zangu." Orodhesha njia zote bila kuzichuja, hata zile za ajabu. Kisha chagua moja au mbili zinazowezekana na zisizokuletea hasara nyingine. Kukopa kwa wa nne ili umlipe wa kwanza inafutwa hapo hapo. Mwisho, weka hatua yenye siku na saa: Jumatatu saa nne asubuhi naandika madeni yote, kiasi na tarehe, Jumanne nampigia mkopeshaji wa kwanza kuomba nilipe kidogo kidogo, maneno ya kusema nimeyaandika. Mazungumzo hayo yafanyieni majaribio na mshauri kwenye simu, yeye awe mkopeshaji mkali. Dakika kumi za majaribio hayo hutoa woga kuliko saa nzima ya kuuzungumzia.

Kwa shida zisizotatulika, kama msiba au ugonjwa wa kudumu, kazi ni kuzuia zisile siku nzima. Huzuni humfanya mtu aache kwanza mambo yanayompa nguvu: kwaya, mpira, kikoba, kumtembelea shangazi. Usisubiri hamu irudi ndipo uanze, maana hamu hufuata kitendo. Rudisha kimoja kwa kipimo kidogo mno: si "nitaanza mazoezi" ila dakika kumi za kutembea hadi dukani na kurudi, Jumanne na Ijumaa, saa kumi na mbili jioni. Pima hali ya moyo 0 hadi 10 kabla na baada, uiandike. Ukishindwa mara mbili, kipimo ni kikubwa, kipunguze nusu.

Mambo yakienda mrama

Kuzidiwa na machozi au uchovu baada ya kikao cha pili ni kawaida. Usipange kazi nzito saa ile, na acha dakika 20 kabla ya kurudi kwa familia. Kipimo kisiposogea kabisa baada ya vikao vinne hadi sita ulivyofanya mazoezi, mwulize mshauri tubadili nini, au kama ni wakati wa kumwona daktari kuhusu dawa. Ukimwona hamwendani, mwambie na uombe akuelekeze kwa mwingine. Ni jambo la kawaida kwenye kazi yao. Kutoweka bila kuaga kunakurudisha mwanzo, na historia yote unaisimulia upya.

Kumaliza

Lengo likifikiwa, msikate ghafla. Kutoka kila wiki nendeni kila wiki mbili, halafu mara moja kwa mwezi. Kwenye kikao cha mwisho andikeni ukurasa mmoja: dalili zako tatu za mapema, kwa mfano kukaa macho hadi saa saba, kuacha kupokea simu za mama, kuruka chakula cha mchana, stadi mbili zilizokufaa zaidi, pamoja na hatua zake, majina ya watu wawili wa kuwapigia, namba ya dharura ya nchi uliko. Dalili mbili zikikaa wiki nzima, unarudi kwenye daftari siku hiyo hiyo, na zikipita wiki mbili unampigia mshauri. Upige picha ukurasa huo uuhifadhi kwenye simu, na kikao cha ukaguzi cha miezi mitatu baadaye kiwekeni tarehe kabla hamjaagana.